Babangu, Jumanne utaongea mwenyewe

Babangu, nakuandikia usiku huu we ushalala, dada yako atakusomea kesho polepole, na ukitaka arudie mwambie arudie.

Jumanne ndo ile miting ya kila mwaka ya EHCP yako, ule mpango wa msaada wako wa elimu, afya na matunzo. Safari hii mi ntakaa pembeni. Sheria ya hapa Uingereza, ile ya 2014, inasema ukishapita umri wa kulazimika shule, hapo kwenye 16, haki za huo mpango zinatoka kwa mzazi zinakuja kwako, na mi miaka yote hii nimeendelea kukujibia kwa mazoea tu, wakikuuliza wewe nishadakia mimi. Nisamehe babangu.

Unaikumbuka ile barua ya kaunsili mwaka jana? Eti ushafika 19 basi wanaufunga mpango wako. Nililia jikoni nikijua ndo mwisho. Kumbe mpango unaweza kwenda mpaka miaka 25, si kwamba kila mtu anafikishwa huko, la, lakini kutimiza 19 peke yake si sababu, lazima waangalie kwanza yale malengo yalioandikwa umeyafikia ama bado. Wale IPSEA, shirika la hisani la mambo ya elimu maalum, wanashauri bure, wakatuelekeza tukakata rufaa, kwa jina lako sio langu, na rufaa ikishaingia hawaruhusiwi kuufunga mpaka iamuliwe. Hata siku ya kusikilizwa haijafika kaunsili wakabadilisha uamuzi wenyewe.

Kinachowauma ni pesa. Chuo kinabeba pauni 6,000 za mwanzo za msaada wako, zinazozidi hapo inalipa kaunsili, na yule dada msaidizi anaekaa na wewe darasa la mapishi analipwa na hizo zinazozidi. Kazi yake nimeiona kwa macho yangu, juzi umepima unga wa chapati gramu 500 peke yako, umeinamia mzani, ukatoa kijiko, ukarudisha nusu, ukangoja mpaka namba ikatulia. Mwaka jana ulikuwa unamwaga tu. Hilo waambie Jumanne, hivyo hivyo ulivyofanya.

Alafu waulize na ile intanship ya kusaidiwa, unafundishwa kazi kazini kwenyewe na kuna mtu wa kukuelekeza, manake kawaida inataka uwe na EHCP na wewe unayo.

Ukikwama niangalie. Ntakuwa hapo hapo ila sifungui mdomo mpaka uniambie mama sema. Shati lako la bluu nishalipiga pasi, liko nyuma ya mlango.