Siri za wagonjwa wa akili zinavujia kwenye simu ya daktari

Ndugu Mhariri,

Usalama wa taarifa za wagonjwa ukitajwa, watu hufikiria wadukuzi na mifumo mikubwa ya hospitali. Kwa madaktari wa magonjwa ya akili hapa Dar es Salaam, tundu kubwa lipo karibu zaidi: simu binafsi ya daktari, ile ile anayompigia fundi bomba na kufuatilia michango ya harusi. Naomba nafasi nieleze siri zinavyotoka, kwa sababu matundu mengi yanazibika bila kununua kitu.

Chukua barua ya rufaa. Daktari ameiandika nyumbani na hana printa, anairusha WhatsApp kwa steshenari ya mtaani. Kuanzia hapo jina la mgonjwa, ugonjwa wake na dozi ya haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, vimekaa kwenye simu ya daktari, kwenye simu ya mwenye duka na kwenye kompyuta ya duka, ambayo mteja anayefuata ataiegemea akitafuta CV yake. Kijana wa steshenari hana ubaya wowote. Hafuti kwa sababu hakuna aliyemwambia afute. Baya zaidi ni daktari anayeskani msimbo na kufungua WhatsApp yake mwenyewe kwenye kompyuta ile, akachapa, akalipa, akaondoka. Wengi wanadhani wakizima bando kwenye simu, kompyuta nayo inakatika. Haikatiki, inaendelea kupokea ujumbe. Daktari unayesoma hapa, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa (vinaruhusiwa hadi vinne) na utoe kila usichokitambua. Barua za wagonjwa zichapwe kliniki.

Kuna imani kwamba ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa fumbo asiloweza kulisoma mtu wa tatu, kwa hiyo tuko salama. Ujumbe umefungwa ukiwa njiani. Nakala rudufu inayopanda Google Drive au iCloud ni jambo jingine: haina kufuli hilo mpaka uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya soga, sehemu ya nakala rudufu. Utachagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Iandike kwenye karatasi uifungie kabatini, maana ukiisahau hata kampuni yenyewe haiwezi kukurudishia. Zima pia uhifadhi wa picha kwenye galari. Picha ya cheti cha dawa ikishaingia galari, hupanda kwenye akaunti ya picha ya familia, na mtoto akishika tableti sebuleni anaikuta.

Majina kwenye simu nayo yanasema. "Mama Fulani bipolar" au "Yule wa methadoni Temeke" (dawa ya waliozoea heroini) ni utambuzi wa ugonjwa uliowekwa mahali ambapo programu yoyote iliyoruhusiwa kusoma anwani, yaani orodha ya majina na namba, inaufikia, zikiwemo zile za kutambua nani anapiga. Mwaka 2016 iliripotiwa Marekani kwamba wagonjwa wa daktari mmoja wa akili walianza kupendekezewa urafiki wao kwa wao na Facebook, ilhali hawafahamiani. Ilidhaniwa kilichowaunganisha ni namba ya simu ya daktari. Hifadhi namba ya faili badala ya jina, na usizipe programu za mitandao ruhusa ya kusoma anwani kwenye simu hiyo.

Makundi ya WhatsApp ya kujadili wagonjwa yana faida, sipingi. Kwa daktari aliye peke yake wilayani ndiyo maktaba yake. Lakini kufuta jina tu hakutoshi. "Mwalimu wa kike, miaka 34, Mbezi, ana mapacha, anasema mawifi wanamloga": nani Mbezi hatamjua? Andika "mtu mzima wa miaka ya thelathini", acha mtaa, acha kazi, acha mapacha. Swali la dozi halihitaji mapacha. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaobandika historia ya mgonjwa kwenye programu za akili unde ili ziwaandikie ripoti.

Utapeli wa laini kwa fani hii una uzito wake. Tapeli akimdanganya daktari amtajie ile namba ya tarakimu sita iliyotumwa kwa SMS, anaiteka WhatsApp yake na kuanza kuomba hela. Mgonjwa wa kawaida atapoteza shilingi. Mgonjwa ambaye tayari anaamini kuna watu wanamfuatilia kwenye simu, sasa anapata ujumbe wa ajabu kutoka kwa mtu pekee aliyekuwa anamwamini, na huenda akaacha dawa wiki hiyo hiyo. Washa uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp, weka PIN ambayo si mwaka wa kuzaliwa, na uweke barua pepe ya kurejeshea. Weka PIN ya laini pia. Namba za matapeli zitumwe kwa SMS kwenda 15040, na *106# itakuonyesha laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Tuseme pia kuhusu malipo, maana hayazungumzwi. Mgonjwa akilipa kwa simu, ujumbe wa uthibitisho unabeba jina la biashara. Kama jina ni "Kliniki ya Afya ya Akili", mume au mwajiri anayeshika simu ile ameshajua. Sajili jina lisilotaja fani. SMS ya kukumbusha miadi nayo iwe fupi: "Miadi yako ni Jumanne saa 4 asubuhi." Basi.

Kwa ushauri wa simu au video, kabla ya yote uliza uko wapi hasa, uko na nani hapo, na tukikatika nimpigie nani. Majibu yaandikwe kabla mazungumzo hayajaanza, kwa sababu mtandao hukatika wakati mgonjwa ndiyo anaanza kusema anataka kujidhuru, na huwezi kumtuma mtu kwenye nyumba usiyoijua. Maelezo hayo yakivuja si aibu tu: kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217.

Anayeona haya yametiwa chumvi aangalie Ufini. Oktoba 2020, mdukuzi aliyeiba kumbukumbu za kampuni ya tiba ya kisaikolojia, Vastaamo, alipokosa malipo aliwageukia wagonjwa mmoja mmoja, akidai euro 200 la sivyo maongezi yao na mtaalamu yatawekwa hadharani. Waathirika walikuwa makumi ya maelfu. Alihukumiwa mwaka 2024, lakini yaliyochapishwa hayarudi. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na inawataka wanaokusanya taarifa wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kliniki binafsi haijasamehewa kwa udogo wake.

Ombi langu kwa wenye kliniki: nunueni simu ya kazi, laini isajiliwe kwa jina la kliniki, ibaki kliniki daktari akihama. Ikipelekwa kwa fundi, isipelekwe na PIN yake.

Na ikiibiwa, mpangilio wa hatua una maana. Wengi hukimbilia kufunga laini kwanza. Ukifanya hivyo simu inakosa intaneti, na amri ya kufuta kila kilichomo haiifikii. Anza na amri hiyo kwa kutumia simu ya mwenzako, kupitia huduma ya Google au Apple ya kutafuta simu iliyopotea, halafu dakika hiyo hiyo piga kampuni ya simu wafunge laini na pesa zake. Tatizo litakalokukwamisha ni kwamba akaunti yako ya Google inaweza kudai namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu hiyo hiyo iliyoibiwa. Ndiyo maana kuna misimbo kumi ya akiba, ya kutumia badala ya namba hiyo, ambayo Google hukuruhusu kuichapa mapema. Ichapwe leo, ifungiwe kwenye droo ya kliniki, isikae kwenye mkoba mmoja na simu.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam