Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Mtaro, Alama za X na Bajeti Inayotuacha

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Naomba tusimame dakika moja tuwakumbuke wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu, na pamoja nao watoto wa shule ambao basi lao lilisombwa na maji Aprili 12, hapa hapa jijini Arusha.

Asanteni, tukae.

Watoto wale nimewataja kwa sababu. Sisi wa mitaa ya chini tunapokea maji ya watu wengine. Mvua ikipiga Mlima Meru, mito ya Naura, Goliondoi na Themi inayashusha hadi huku, na kadiri mabati na lami vinavyoongezeka kule juu, maji nayo yanafika mengi na yanafika haraka. Kwa hiyo tulipotangaziwa kwamba barabara yetu ya ndani itawekwa lami na mtaro wa zege, hakuna aliyepinga. Mimi mwenyewe nilipiga makofi kwenye mkutano wa mtaa. Nasikia picha hiyo bado mnayo kwenye simu zenu.

Julai, mwanachama wetu mmoja ambaye ni fundi mwashi alinigongea geti saa kumi na mbili asubuhi. "Mwenyekiti, ule mtaro unapanda." Sikumwelewa, mtaro unapandaje? Akanipeleka. Akafunga uzi kufuata sakafu ya mtaro, kutoka kona ya duka la nafaka hadi kwenye kalavati maji yanakotakiwa kutokea, akaegesha pima maji yake pale kwenye uzi. Kile kipovu kikakimbilia upande wa kalavati. Maana yake kalavati lilikuwa juu, na duka la nafaka lilikuwa chini. Mvua ya kwanza tu, maji yangegeuka na kuingia kwenye magunia ya mahindi.

Tuliandika barua. Tukajibiwa kwamba kazi inafuata michoro. Tukaomba michoro, tukaambiwa hayo ni mambo ya kitaalamu. Sitaitaja ofisi wala mkandarasi, maana tutaendelea kufanya kazi nao, na isitoshe kwenye ofisi nyingine tuliipata michoro hiyo hiyo ndani ya nusu saa tukapiga nakala. Mchoro ulikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kazi.

Siku ya ukaguzi tulimsubiri msimamizi tukiwa na ndoo mbili za maji. Hatukuhutubia. Fundi wetu alimwaga ndoo ya kwanza pale kona. Maji yakaenda hatua tano hivi, yakasimama, kisha yakarudi taratibu hadi kwenye viatu vya yule msimamizi. Ndoo ya pili hakuiruhusu. Nimpe haki yake: hakubisha, na wiki mbili baadaye kipande chote kilivunjwa na kumwagwa zege upya. Leo maji yanateremka. Vifuniko ndivyo havijakamilika; mageti matatu bado yanavuka kwa mbao, na mama lishe wa pale kona ameweka mlango wa kabati la zamani. Jambo hili nitalirudia mwishoni.

Sasa alama za X, zile zinazopakwa kwenye nyumba zinazotakiwa kupisha barabara. Nimeulizwa suala hili kuliko jingine lolote, mpaka kwenye daladala, kwa hiyo nivumilieni.

Kwanza rangi. X nyekundu huwekwa kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando lililotengwa kwa ajili ya barabara, na huyo kwa kawaida hana fidia. X ya kijani ni ya yule ambaye barabara imemkuta, naye anastahili. Ndiyo maana linaulizwa lile swali la siku zote: wewe uliifuata barabara, au barabara ilikufuata wewe? Kwa barabara kuu, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, wakati zamani ilikuwa mita 22.5. Hizo mita saba na nusu zilizoongezeka ndizo zenye watu waliojenga kihalali kabisa. Kama umo humo, usikubali kuitwa mvamizi. Tafuta karatasi zako za mauziano zenye tarehe. Wenzetu wa kando ya mto wana sheria nyingine, ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, yenye mita 60 kutoka ukingoni. Wengi wenu mkipima leo jioni mtanuna.

Pili, fidia si bei ya tofali peke yake. Inahesabu thamani ya ardhi kwa bei ya soko, jengo na mazao, posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi ya miezi 36, na kwa mwenye biashara, faida atakayoikosa kwa miezi 36 hiyo hiyo. Mwenye duka asiye na kumbukumbu za mauzo hapo hana cha kuonyesha. Anzeni daftari.

Tatu, mthamini, yule anayekadiria thamani ya mali yako, akija, uwepo. Mnajua utaratibu: unasimama mbele ya nyumba yako umeshika kibao chenye namba, unapigwa picha. Mwanachama wetu mmoja, mjane, alikuwa msibani siku hiyo. Aliyekutwa ni mpangaji wake, kijana mpole tu, akapewa kibao akakishika. Jedwali la fidia likatoka na jina la kijana. Ilituchukua miezi minne, barua ya mtendaji wa mtaa, mashahidi wawili wa mpakani na hati ya mauziano iliyoliwa na mende pembeni, mpaka jina likabadilishwa. Kijana alitoa ushirikiano wote, na kodi hajachelewesha. Angekuwa mwingine, leo tungekuwa baraza la ardhi.

Kuhusu uvumi wa nyumba kuvunjwa: ni kweli mji unabadilika. Arusha imo katika miji 45 ya mradi wa TACTIC, wa kuboresha miundombinu ya miji, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano ya soka ya mataifa ya Afrika, unajengwa kule Olmoti. Hilo halina maana kwamba kila anayeonekana na kamera ya kupimia amekuja kukuvunjia. Madalali wanaowaambia "uza sasa kabla hujavunjiwa" ndio wanaonunua.

Bajeti. Hapa tumefanya vibaya, na lawama naibeba. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, lakini vipaumbele vinakusanywa miezi mingi kabla: mkutano wa mtaa, kamati ya maendeleo ya kata, halmashauri, mkoa, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), kisha Bunge. Anayepeleka ombi Mei anasubiri mwaka wa fedha unaofuata. Novemba sote tulitekwa na uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27, na tulipozinduka Desemba tukapeleka orodha ya mambo kumi na moja. Mjumbe mmoja wa kamati ya kata akatuuliza kama tunaomba mradi au tunaomba mji mpya. Tulibakisha mawili, kivuko cha watoto na taa za barabarani. Kivuko kimeingia kwenye orodha ya kata, taa hazikuingia.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imerejea baada ya kusitishwa mwaka 2023: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vyenye katiba na usajili vimuone katibu.

Hesabu ataisoma mweka hazina. Fedha nyingi zimeishia kwenye nauli na nakala.

Nirudi kwenye mtaro. Mkandarasi bado yumo kwenye kipindi cha matazamio, na katika kipindi hicho kasoro hurekebishwa kwa gharama yake. Kinaisha Septemba. Masika yanaanza Machi. Mvua ikinyesha, toka na simu, piga picha pale maji yanaposimama na pale kifuniko kinapokosekana, umtumie katibu siku hiyo hiyo. Na yule mwanachama aliyeng'oa nondo mbili za kifuniko cha kona, tunakujua. Zirudishe kabla ya Jumapili.