Risala ya Wagonjwa wa Saratani ya Kibofu na Wauguzaji Wao kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa madaktari na wauguzi, ndugu wanakikundi, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Sisi ni wagonjwa wa saratani ya kibofu cha mkojo pamoja na ndugu wanaotuuguza. Leo tumechagua kukueleza habari za kidonge kimoja.

Saratani hii ikishasambaa, kwa miaka mingi tegemeo lilikuwa dripu za kemotherapia. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kwa masharti erdafitinibu, dawa ya kumeza mara moja kwa siku. Hiyo huwafaa wale tu ambao uvimbe wao una hitilafu katika jeni za FGFR, zile zinazoamuru seli zikue, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano. Katika jaribio la watu 99, uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 40 yao. Likafuata jaribio la watu 266 waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine kidonge, wengine kemotherapia. Nusu ya waliopewa kidonge walivuka miezi 12.1 wakiwa hai, upande wa pili nusu walivuka miezi 7.8. Anayesema miezi minne ni kitu kidogo bila shaka hajawahi kuuguza.

Adha zipo: madini ya fosfeti kupanda katika damu, vidonda vya mdomo, kucha kubanduka, macho kuona ukungu. Kwa hiyo kumezea dawa nyumbani hakumwondolei mtu safari za kliniki. Damu na macho lazima vipimwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Kwanza, kipimo cha jeni kifanyike mapema, kwenye kinyama kilekile kilichokatwa kuthibitisha ugonjwa. Kidonge bila kipimo ni kubahatisha, na sisi hatuna muda wa kubahatisha.

Pili, na hili ndilo linalotukera zaidi, ni fomu za ridhaa za majaribio. Huletwa kurasa nyingi, lugha ngumu, na mgonjwa ana maumivu. Tunaomba ziandikwe kwa lugha ya kawaida, zitaje waziwazi kwamba mtu anaweza kuangukia kundi lisilopata dawa mpya, na kwamba anaruhusiwa kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Vilevile zieleze jaribio likiisha nani atampa dawa aliyekuwa ameanza kupata nafuu. Azimio la Helsinki, yaani maadili ya madaktari duniani kuhusu utafiti unaohusisha binadamu, linataka jambo hilo lipangwe kabla jaribio halijaanza. Tunaomba utusaidie kulisimamia.

Tunaomba kuwasilisha.