Shoga, naomba unisaidie hilo gazeti

Mwana shoga'angu,

Salama lakini? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku Tanga wazima, joto tu ndo linatumaliza. Najua utasema huyu akiandika ujue ana shida, na kweli ninayo, kwa hiyo salamu tuziishie hapo.

Ni lile suala la kubadilisha jina. Kisheria limeisha, kiapo nilikula kwa wakili, yuleyule aliyemsimamia Dula kwenye kesi ya bodaboda, hati ikaenda kwa Msajili wa Hati ikasajiliwa, ina mhuri na namba yake, jina likatoka kwenye Gazeti la Serikali. Yaani serikali inajua kabisa kwamba mimi sasa natumia jina la baba na sio la mjomba, ila nenda sasa kamwambie mtu wa dirishani!

Ilivyo ni kwamba huwezi kuanzia popote. Nimeambiwa kwanza RITA cheti cha kuzaliwa kikae sawa, ndo NIDA kwenye kitambulisho cha taifa, halafu NIDA ikishasoma jina jipya ndo uende uhamiaji, benki, TIN, laini ya simu na mengine yote. Ukirukia katikati wanakurudisha. Mimi nilijaribu benki moja hapa mjini nikijua hao angalau wananifahamu, dada wa kaunta akaichukua ile hati akaisoma mpaka chini, akaigeuza nyuma ambako hakuna kitu, akaniuliza "kwa hiyo dada umeolewa?" Nikamwambia hapana, hili ni jina la baba mzazi. Akasema fomu yao ina ndoa na talaka tu, nikae pale nimsubiri meneja. Meneja alikuwa kwenye kikao, bado yuko kwenye kikao mpaka leo nadhani.

Na kinachokera namba ya NIDA yenyewe haibadiliki, tarakimu 20 zilezile zinaanza na tarehe yangu ya kuzaliwa, kidole kilekile, wanabadilisha jina tu. Lakini laini zetu si zimesajiliwa kwa kidole, jina linatoka hukohuko, basi nikituma hela linatokea la zamani. Kwenye kikoba kipya wameniandika kwa jina la baba, juzi nimerusha mchango wangu, mhazini akaandika kwenye grupu "kuna mtu kaingiza 50,000 hatumjui, ajitokeze". Nimekaa naye benchi moja!

Vyeti vya shule nimeviacha kama vilivyo, fom foo ina jina la mjomba na itabaki nalo, nitakuwa natembea na hiyo hati kwenye mkoba kama mama mwenye kadi ya kliniki.

Mjomba mwenyewe amenuna. Anasema ada kalipa yeye miaka yote halafu leo jina lake nimelivua. Sijalivua kwa ubaya na anajua, ila ukimpigia anajibu "nani mwenzangu?" Mwana jamani, mama yako aongee naye, wale wanasikilizana.

Sasa shida yenyewe. Nina fotokopi tu ya ule ukurasa wa gazeti, imefifia, mstari wenye jina langu unasoma kwa kubahatisha, na wanataka nakala inayoeleweka. Wewe uko Dodoma, na binamu yako si bado yuko Mtumba pale kwenye mji wa serikali? Toleo hutoka Ijumaa, tarehe na namba yake nakutumia whatsapp. Ninunulie nakala mbili, hela nitakurushia, usishtuke itakuja kwa jina la mjomba. Ningesubiri tu lakini mama anataka nimpeleke umra na pasi yangu imeisha muda, na pasi bila NIDA iliyonyooka hupati, kwa hiyo unaona mambo yalivyobanana.

Halafu nijibu, nakala za nyuma wanauza au mpaka uwe na barua? Binamu atakubali au ndo yale ya "nitaangalia"? Wifi yako alipobadilisha jina baada ya talaka alianzia wapi, na alipewa kitambulisho kipya au walimpa namba tu akaambiwa asubiri? Na wewe lini unakuja Tanga, au mpaka nife?

Nipigie usiku, baada ya saa tatu nakuwa free.

Zawadi