Risala ya Wakalimani wa Afya wa Kujitolea, Likoni, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana, assalamu aleikum. Ahsante kwa kuvuka feri kuja kutusikiliza.

Kikundi chetu kilianza na wahudumu wachache wa afya ya jamii waliowatafsiria madaktari wa kigeni katika kambi za matibabu. Leo tuna wakalimani hodari wa Kiswahili, Kidigo na Kiingereza, na kijitabu cha kurasa 12 ambacho, bila kujisifu, kingeifaa Pwani nzima.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Madaktari hawa huja kwa wiki moja au mbili. Dawa wanakuja nazo, lakini kuwafunza kufanya kazi nasi tunapewa nusu saa, asubuhi ya kambi, wagonjwa wameshapanga foleni juani. Nusu saa inatosha salamu tu.

Mgonjwa akisema mguu unamuuma, daktari hukagua kuanzia kifundo kwenda chini, ilhali mguu kwetu huanzia pajani. Aliyejifunza namba kwenye simu humwambia mama "rudi kesho saa tisa", akikusudia saa tatu asubuhi. Mama anafika alasiri, hema limeshang'olewa. Ramadhani, dawa ya kutwa mara tatu wengine huimeza yote kwa pamoja baada ya futari. Daktari akiuliza mapema, huenda ikapatikana dawa ya mara mbili, futari na daku. Na mwenye sukari anayechoma insulini hupangiwa kipimo upya kabla mwezi haujaandama. Tena mtoto asifanywe mkalimani wa mamake: mwenye maradhi ya uzazi atasema tumbo linauma, basi.

Haya hufundishwa kwa kuyafanya. Mkalimani huketi kando ya mgonjwa, nyuma kidogo. Daktari humtazama mgonjwa, husema sentensi moja moja, kisha humwomba aeleze mwenyewe dawa ataitumiaje. "Ndiyo, daktari" mara nyingi ni adabu tu, si kuelewa. Kila mmoja akipata zamu yake, watu 20 huhitaji saa 6.

Tunaomba barua ya ruhusa ya kambi iwe na kifungu kinachodai siku moja kamili ya mafunzo kabla ya mgonjwa wa kwanza kuonwa, na nauli ya wakalimani ilipwe na timu inayokuja. Ahadi hii tulipewa mwaka juzi katika hafla kama hii, tukapiga makofi. Mwaka jana ikarudiwa, tukapiga makofi tena. Tunajua shughuli za viongozi ni nyingi, lakini kambi zote zilizofuata zilipita kwa nusu saa ile ile.

Kifungu hakiitozi kaunti hata shilingi. Tumekiandika, mistari minne, kimo ndani ya bahasha hii. Kwa heshima kubwa, tunaomba utuambie leo, kabla ya chai, ni afisa yupi tumfuate na siku gani.

Naomba kuwasilisha.