Kaka, kiwanja cha Bagamoyo kisubiri kwanza

Dublin, Alhamisi usiku

Kaka, shikamoo.

Mwambie mama dawa zake za presha ziko njiani. Hela ya kiwanja sijaituma, na nimeona nikuandikie kuliko tubishane kwenye simu mpaka bando liishe.

Ule ukurasa wa gazeti ulionitumia nimeusoma. Juu wanasema viwanja vya Bagamoyo vinapaa, chini kuna namba ya simu ya kampuni inayoviuza. Habari na tangazo vimelala kitanda kimoja, kaka.

Huku Ireland hayo yameshawakuta. Miaka ya 2000 magazeti yalitoa kurasa za nyumba kila wiki, zimejaa matangazo ya mawakala. Mwaka 2006 gazeti la Irish Times likainunua kabisa tovuti ya kuuzia nyumba, MyHome, kwa euro milioni 50. Sasa mwenye duka atakwambia bidhaa ni ghali, usubiri? Mama mmoja ninayefanya naye kazi wodini ananisimulia watu walivyokuwa wakilala kwenye foleni kuwahi fleti ambazo hata msingi haujachimbwa. Asiyenunua alionekana mzembe. Yeye kila Alhamisi alifungua gazeti kuangalia nyumba za mtaani kwake zimefika wapi, na zilipanda kweli, maana wenzake nao walikuwa wakisoma hayohayo na kukimbilia benki.

Nisiwaonee waandishi. Waliomwaga mikopo ni benki, mingine asilimia 100 ya bei ya nyumba, na serikali ikawapunguzia wajenzi kodi. Tena ni hilohilo Irish Times lililochapisha, Desemba 2006, makala ya mwanauchumi Morgan Kelly akionya kwamba bei zinaweza kuporomoka. Nani alitaka kusikia? Mwaka uliofuata waziri mkuu Bertie Ahern alisema hadharani kwamba hajui kwa nini hao wanaolialia juu ya uchumi hawajiui. Baadaye akaomba radhi.

Kufikia 2013 bei zilikuwa zimeanguka takriban nusu. Wodini kwetu kuna waliobaki na deni kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mwaka 2015 kamati ya bunge ikawaita hata wahariri wajieleze.

Siku hizi wimbo umebadilika, kila siku ni uhaba wa nyumba. Mwenye nyumba wangu akipandisha kodi hataji gharama zake, anataja gazeti.

Na wewe Bagamoyo unaijua kuliko mimi. Mkataba wa bandari uliposainiwa 2013, magazeti yalijaa neema, watu wakakimbilia viwanja. 2019 mradi ukasimama. Baba mdogo alinunua wakati ule. Muulize amepata wa kumuuzia?

Ninachokuomba ni kimoja. Bei ya kwenye gazeti ni bei anayoitaka muuzaji. Hapa, tangu 2012, kuna daftari la wazi la serikali linaloonyesha kila nyumba imelipiwa kiasi gani hasa. Huko itabidi uulize kwa mdomo: nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, tafuta watu watatu walionunua jirani na hapo mwaka huu, wakwambie walichotoa mfukoni. Na hati uione kwa macho yako, si picha ya WhatsApp.

Ukizipata hizo bei tatu nitumie meseji. Mshahara unaingia mwisho wa mwezi. Wifi na watoto nawasalimu sana.

Mdogo wako