Kwako Mudi, kuhusu marinda ya kilti

Mudi kaka mambo vipi,

Voisi noti yako ya kulalamika kwamba marinda ya kilti yako ya harusini, hiyo sketi ya Kiskoti ya wanaume, hayatulii, nimeisikiliza yote mpaka pale ulipoanza kumtukana aliyekuuzia, nikacheka sana. Aisee tulia kwanza, hiyo kilti sio mbovu, imetengenezwa hivyo makusudi. Hizi za mitoko ya kawaida, za yadi 5, poliesta na viskosi, zile zimejaa kule Royal Mile, mtaa wa watalii pale Edinburgh, marinda yake wanayakamata na mashine pale kwenye mkanda na vidole vitatu vinne chini yake basi, kutoka hapo kila rinda linajitegemea. Ndo maana ukikaa yanafumuka, ukisimama nyuma kunabaki kumetuna kama mkia wa kuku. Na kama harusi yenyewe ina keili usiku, yaani dansi za Kiskoti, halafu waanze Strip the Willow, ile dansi mnazungushana mstari mzima mpaka kichwa kinauma, hapo marinda yasiyoshonwa yatapaa na we utakuwa unashika nguo badala ya kushika watu.

Zile za bei mbaya, za sufu nzito za yadi 8, siri yake iko sehemu moja, toka kiunoni mpaka pale makalio yalipojaa. Pale fundi anashona rinda moja moja kwa mkono, chini ya hapo anayaachia yacheze. Sufu yenyewe inasaidia kwa uzito wake lakini kazi kubwa ni ule mshono. Kwahiyo hicho ndo unachoenda kuongeza kwenye ya kwako na hauhitaji fundi, unahitaji jioni kadhaa na taa nzuri, maana huku kwetu Skotlandi jua la saa tisa ushalijua, giza linaingia mapema.

Umesema eti Waskoti wenyewe zamani walikuwa hawashoni. Sawa, ni kweli, kilti ya zamani ilikuwa shuka kubwa, walikuwa wanalikunja tu wanafunga mkanda, marinda ya kushonwa yamekuja karne ya 18 ikiwa inaisha, huko baada ya ile sheria ya 1746 iliyopiga marufuku mavazi yao kufutwa 1782. Ila mzee wale walikuwa wanapanga marinda upya kila wakivaa, na shuka ni sufu tupu. We hata kitanda hutandiki.

Sa sikiliza. Vaa kilti, simama wima, shemeji apime toka juu ya mkanda mpaka pale nyonga imetanuka kuliko kote, nahisi kwako itakuja sentimita 18 au 20 hivi, piga mstari wa chaki hapo, ndo mwisho wa mshono. Ukipita hapo ukashuka zaidi marinda yatabana mapaja, utatembea kama umefungwa kamba, bora uishie juu kidogo kuliko chini.

Alafu hesabu, na hapa usiwe mvivu maana ndo penye kazi. Mbele kuna zile bapa mbili zinazopishana, hizo zinachukua nusu ya mzunguko wako, marinda yanachukua nusu nyingine. Tuseme nyonga ni 104, nusu yake 52, ongeza 2 za kupumulia inakuwa 54. Kama una marinda 27, kila moja lionekane sentimita 2 pale kwenye chaki. Juu kiunoni kama una 90, nusu ni 45, gawa kwa 27 unapata 1.7 hivi. Umeona? Kila rinda linapungua milimita 3 tu toka chini kwenda juu, macho hayaoni, ila ukijumlisha yote ni sentimita 9 na hizo ndo zinafanya nguo ikae mwilini. Kile kimshono cha mashine cha chini ya mkanda kama kimenyooka tu bila kupungua kifumue, ila mkanda wenyewe usiuguse.

Kupanga anzia katikati ya mgongo uende pembeni, ili kama kuna kakosa kaishie ubavuni. Mistari ya kulala ya drafti lazima ikutane rinda kwa rinda, weka pini kila mstari unapokutana, usiamini jicho. Hiyo ikipishana hata kidogo mtu aliyekaa nyuma yako kanisani ataiangalia ibada nzima. Ukishaweka pini piga bandi, uzi mweupe, hatua ndefu, safu mbili tatu kukatiza marinda yote mpaka chini, na usizitoe mpaka kila kitu kimeisha. Watu wengi wanaruka bandi wanaenda na pini peke yake alafu wanashangaa marinda yametembea.

Kushona sasa. Mi naanzia kwenye chaki napanda juu. Pale chini piga hatua nne tano za kurudia sehemu moja, kwasababu ukikaa nguvu yote inavuta pale. Baada ya hapo sindano inapita kwenye ukingo wa rinda, inachota nyuzi chache za rinda lililo chini yake, inarudi kwenye ukingo, kila milimita 3 hivi, uzi usionekane. Usichome mpaka kwenye tabaka zote za ndani, utayagandisha marinda mengine. Uzi wa poliesta, rangi ya ile sehemu kubwa ya drafti, yako ni kijani nzito kwahiyo hata ukikosea haitaonekana sana. Na vaa subana, usijifanye mwanaume.

Najua utaniuliza mashine. Kwa kilti ya kitambaa cha jinzi au kaki sawa kabisa, kule mshono wa juu ni urembo. Kwenye drafti hapana, ule mguu wa cherehani unasukuma kitambaa cha juu, ile mistari uliyohangaika nayo yote inahama, na mshono wenyewe unaonekana toka mbali. Mashine itumie sehemu moja tu ukitaka, ule ukingo wa ndani wa kila rinda, ule unaojificha nyuma, upige mshono mwembamba kabisa pembeni toka chaki mpaka chini, basi hata ukifua mkunjo haupotei.

Ukimaliza piga pasi na kitambaa chenye unyevu juu yake, usiweke pasi moja kwa moja, viskosi na poliesta zinang'aa vibaya na ikishang'aa hairudi. Acha ipoe kabla hujaivaa. Chini hakuna pindo na usiliweke, ule ni ukingo wa kitambaa chenyewe toka kiwandani.

Kabla hujaanza kushona nitumie picha ya nyuma ikiwa na bandi tu, nione drafti zimekaaje. Na ile tai uliyosema ya njano, hapana Mudi, muulize shemeji.

Wasalimie hapo nyumbani,
ni mimi wa Glasgow